Juu ya Kuweka Linux katika Kishikwambi cha Kugeuzwa

Asomaye miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu ahitaji vitu viwili: ukurasa uliosimama wima mbele ya macho yake, na kalamu ya kutilia alama pale anaposhuku nukta. Kompyuta ya kawaida haimpi hata kimoja. Kishikwambi cha kugeuzwa, yaani kompyuta ambayo kioo chake huzungushwa juu ya bawaba kisha kikalazwa juu ya kibodi, chaweza kumpa vyote viwili. Neno lenyewe, kishikwambi, si geni tena kwa wasomaji wa Tanzania, kwani vyombo hivyo vilitumika katika Sensa ya mwaka 2022. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi Linux inavyowekwa katika chombo cha namna hiyo, na hasa kueleza kosa moja ambalo huwakatisha wengi tamaa.

Jambo hili si la anasa. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Mashine hizo zikitupwa, mwanafunzi asiye na fedha za kununua mpya hubaki mikono mitupu. Tutwae mfano wa ThinkPad X220 Tablet, iliyotolewa mwaka 2011. Kioo chake ni cha inchi 12.5, na kalamu yake ya Wacom haina betri, kwa kuwa hupata nguvu kutoka katika mtambo uliofichwa nyuma ya kioo. Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, yaitambua kalamu hiyo hata leo.

Kazi ya kwanza ni kunakili mahali pengine kila kilichomo katika diski, maana diski itafutwa. Ya pili ni kuandika Debian 13, toleo la mwaka 2025, katika flashi. Flashi ichomekwe, mashine iwashwe, kisha kibonyezwe kitufe cha F12 na flashi ichaguliwe. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, programu ndogo zinazohitajiwa na vifaa kama kadi ya Wi-Fi zimo ndani ya flashi hiyo hiyo. Itakapoulizwa sura ya meza ya kazi, yafaa kuchagua Xfce, kwa sababu yatumia Xorg, na amri zitakazotajwa hapa chini zategemea Xorg. Baadaye mtu aweza kuweka desturi za lugha kuwa sw_TZ.UTF-8, na majina ya siku na miezi yataandikwa kwa Kiswahili.

Sasa twaja kwenye kosa lenyewe. Mtu hulaza kioo, hukishika wima, kisha hutoa amri hii:

xrandr -o right

Picha yazunguka vizuri. Lakini agusapo pembe ya juu kushoto kwa kalamu, mshale watokea pembe ya juu kulia. Wengi hudhani kalamu imeharibika. Kalamu ni nzima. Sababu ni kwamba picha na mguso ni vitu viwili mbalimbali, na amri ile imegeuza picha tu. Tuhesabu upana wa kioo tangu 0 kushoto hata 1 kulia, na kimo tangu 0 juu hata 1 chini. Picha ikigeuzwa kuelekea kulia, upana mpya ni sawa na kimo cha zamani, na kimo kipya ni 1 kutoa upana wa zamani. Pembe iliyokuwa juu kulia, yaani 1 na 0, sasa ni 0 na 0, ndiyo juu kushoto. Kalamu haijaambiwa habari hiyo, kwa hiyo yaendelea kuhesabu kama zamani.

Dawa yake ni kuiambia. Kwanza yatafutwa majina ya vifaa, kisha yatolewa amri ya kugeuza:

xsetwacom list devices
xsetwacom set "jina la kifaa" Rotate cw

Ikiwa mashine yapokea na mguso wa kidole, amri ya pili irudiwe kwa jina la kifaa hicho. Kurudi katika hali ya kwanza, maneno right na cw yabadilishwe kuwa normal na none. Amri hizi zote zaweza kutiwa katika faili moja na kufungwa kwa kitufe kimoja cha kibodi. Mashine mpya zilizo na kitambuzi cha mwelekeo hazihitaji taabu hii: GNOME ikisaidiwa na iio-sensor-proxy hugeuza picha na mguso kwa pamoja.

Yakiisha hayo, programu ya Xournal++ hufungua picha za mswada zilizohifadhiwa katika PDF, na mtu huandika juu yake katika tabaka la pekee, bila kuigusa faili ya asili. Anayepitia mswada wa aina ile ambayo J. W. T. Allen aliitolea orodha mwaka 1970 aweza kuzungushia duara nukta ya p au b, akaandika shaka yake pembeni, na kesho akaifuta iwapo ameona vingine. Mashine iliyokuwa ikingoja jalala hutosha kabisa kwa kazi hiyo.