Waifai Ifike Hadi Darini

Nyumba nyingi za zamani hapa Brussels ni nyembamba, zimepanda juu: upana kama mita 6, orofa tatu au nne, na majirani wamebanana nazo huku na huku. Kebo ya intaneti huingia kutoka barabarani, hivyo ruta hukaa chini. Kwetu Ixelles, binti yetu hulala darini. Bibi yake akimpigia simu ya video kutoka Tanga, picha ilikuwa ikiganda na salamu kukatika.

Anza na lisilo na gharama. Itoe ruta nyuma ya televisheni, uiweke juu, mahali pa wazi, karibu na ngazi. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta na sakafu vizuri kuliko ya gigahezi 5, ingawa kasi yake ni ndogo.

Repita hurudia kile inachopokea tu. Ukiiweka darini penye mawimbi hafifu, itasambaza uhafifu huohuo. Iweke katikati ya njia, mawimbi yakiwa bado na nguvu.

Sisi tulichagua kebo. Tuliipitisha kandokando ya ngazi mpaka darini, tukafunga kituo cha pili cha waifai. Kebo hiyo hufika mita 100, kwa hiyo nyumba ya orofa nne si tatizo. Vipe vituo vyote jina na nywila moja, simu ihame yenyewe.

Wapangaji na wanafunzi, msitoboe ukuta kabla ya kumuuliza mwenye nyumba. Kebo bapa hupita chini ya mlango bila tundu lolote.