Gari la kulala porini: pima uzito, umeme na hewa kabla ya kutoboa

Msikilizaji wetu mmoja, fundi wa kuchomelea, alitutumia ujumbe baada ya kipindi cha asubuhi. Mteja alimletea Land Cruiser ya zamani akitaka igeuzwe gari la kupigia kambi: hema juu ya paa, friji nyuma, kitanda cha mbao na taa. Kazi anaiweza. Aliuliza jambo moja tu: aanzie wapi ili gari hilo lisije likamdhuru mtu huko porini?

Hewani tulimjibu kwa dakika chache, tukaahidi kuandika zaidi. Makala haya ndiyo ahadi hiyo.

Kazi ya kubadilisha magari ya porini si ngeni kwetu. Arusha, mji ambao wageni wengi huanzia safari za Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, kuna gereji zinazokata magari, kurefusha chesisi na kuweka paa linalofunguka ili wageni wasimame wakitazama wanyama. Hiyo ni kazi ya mafundi waliobobea wenye vifaa vyake. Hapa tunazungumzia kazi ndogo, zile ambazo mtu huzifanya uani kwake akiwa na drili, plaiwudi, bolti na waya.

Kazi hizo ndogo zinaonekana hazina hatari, lakini mambo matatu huwaponza watu: uzito, umeme na hewa. Ukiyapima hayo kabla ya kutoboa tundu la kwanza, mengine utayarekebisha polepole.

UZITO: NUSU TANI HUJA KIDOGO KIDOGO

Hakuna anayepakia nusu tani kwa siku moja. Leo unaweka keria, kesho hema, keshokutwa betri ya pili. Hebu tujumlishe mfano wa kawaida, kwa makadirio:

- Keria ya chuma: kilo 40
- Hema la juu ya paa: kilo 60
- Maji lita 60: kilo 60
- Dizeli ya akiba lita 40: kilo 34, bila madumu yenyewe
- Friji ikiwa na chakula: kilo 35
- Betri ya pili: kilo 28
- Kitanda na droo za plaiwudi: kilo 50
- Tairi la akiba la pili: kilo 35

Hapo tumefika kilo 342. Ongeza watu wawili wenye kilo 150 kwa pamoja, tunakaribia kilo 500, na hatujahesabu mabegi, jeki wala sufuria.

Kila gari lina uzito wa juu uliowekwa na kiwanda, yaani gari lenyewe pamoja na mafuta, watu na mizigo yote. Utaukuta kwenye kitabu cha gari, na magari mengi pia yana kibandiko au kibati chenye namba hiyo. Gari likishamaliza kutengenezwa, lijaze kama siku ya safari kisha lipeleke kwenye mizani ya magari. Viwanda vingi na baadhi ya maghala makubwa ya mazao wanayo mizani hiyo. Omba kwa heshima. Pima gari zima, halafu pima magurudumu ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Mara nyingi gari zima huwa ndani ya kiwango huku ekseli ya nyuma imezidiwa, kwa sababu kila kitu kimewekwa nyuma.

Hapa kuna kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Gari likikaa chini nyuma, wanaongeza jani la springi na kusema tatizo limekwisha. Gari limenyanyuka, ni kweli. Lakini breki ni zilezile, ekseli ni ileile, chesisi ni ileile na tairi ni zilezile. Springi mpya haibadilishi uzito ambao kiwanda kimeruhusu. Inaficha tu dalili.

Tairi nazo zina kikomo chao. Pembeni mwa tairi, baada ya namba za saizi, kuna namba ya mzigo. Namba 113, kwa mfano, maana yake tairi hilo moja linabeba kilo 1,150, likiwa na upepo unaotakiwa. Ukipunguza upepo ili kupita kwenye mchanga, punguza na mwendo pia, na ujaze tena mara tu unaporudi kwenye barabara ngumu. Tairi laini lenye mzigo mkubwa na mwendo mkali hupata joto hadi likapasuka.

Halafu kuna paa. Watu hutuuliza: kama watu wawili wanalala kwenye hema la juu bila shida, kwa nini tusifunge kilo 150 za mizigo hukohuko? Jibu ni kwamba gari lililosimama si sawa na gari linalokimbia. Kwenye barabara yenye mikunjo kama bati, kila kishindo hufanya mzigo ule usukume paa kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake wa mizani. Na unapokata kona au kupita mteremko wa ubavu, mzigo wa juu ndio unaolivuta gari lipinduke. Soma kwenye kitabu cha gari kiwango cha paa wakati wa mwendo, kisha uhesabu keria yenyewe ndani ya kiwango hicho. Maji, mafuta na betri viweke chini, karibu na katikati ya gari.

Dokezo kwa fundi wa mbao: plaiwudi ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 18 ina takriban kilo 30. Ya milimita 12 ina takriban kilo 20. Kwa kitanda cha watu wawili, plaiwudi nyembamba yenye viunzi vizuri chini yake inatosha.

Kitanda, friji na betri vifungwe kwa bolti na nati kwenye sehemu imara, kama matundu ya asili ya bolti za siti. Skrubu zilizoingia kwenye bati jembamba la sakafu hung'oka gari likifunga breki ghafla, na betri ya kilo 28 ikiruka kutoka nyuma humkuta dereva kisogoni. Kabla ya kutoboa sakafu, lala chini ya gari uangalie bomba za mafuta na za breki zinapita wapi. Kabla ya kuchomelea, fungua waya za betri, usije ukaunguza alteneta.

UMEME: FYUZI NI YA WAYA, SI YA FRIJI

Sisi wenyewe tuliwahi kujifunza somo hili kwa moshi. Gari letu la kurekodia vijijini lilihitaji betri ya pili kwa ajili ya vipaza sauti. Tulinunua waya, tukatoboa tundu kwenye bati linalotenganisha injini na dereva, tukapitisha waya kutoka betri hadi nyuma. Fyuzi tulisema tutaweka baadaye. Baada ya wiki kadhaa za barabara mbovu, ukingo wa lile tundu ulikuwa umekula ganda la waya. Waya ukagusa bati. Moshi ulijaa ndani ya gari, na tuliponea kwa sababu mwenzetu alikuwa na spana mkononi akawahi kufungua kichwa cha betri. Zulia lilikuwa limeshaungua.

Betri ya gari ina volti 12 tu na haikurushi ukiigusa, ndiyo maana watu huidharau. Lakini waya wake ukigusa bati moja kwa moja, inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja. Waya hugeuka kama koili ya jiko la umeme.

Dawa yake ni rahisi. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 20 hivi. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya, kwa hiyo sehemu yoyote ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina ulinzi. Na waya unaounganisha betri mbili unahitaji fyuzi mbili, moja kila upande, kwa sababu hata upande mmoja ukikatika, betri ya upande wa pili bado inasukuma umeme. Kila tundu la bati livalishe mpira, na waya upite ndani ya bomba la plastiki.

Betri mbili zisiunganishwe moja kwa moja siku zote. Zikiunganishwa hivyo, friji itanyonya zote mbili usiku, na asubuhi gari haliwaki. Katikati weka rilei inayojifunga yenyewe alteneta inapochaji na kujifungua injini inapozimwa. Betri ya kuwashia itabaki na kazi yake.

Sasa hesabu. Wengi wenu mna sola nyumbani, kwa hiyo hii si ngeni. Betri ya asidi ya Ah 100 usiitumie zaidi ya nusu, yaani Ah 50, la sivyo itakufa mapema. Friji ndogo ya gari yenye kompresa hutumia, tuseme, ampea 4 inapozunguka. Ikizunguka theluthi moja ya siku, ni ampea 4 mara saa 8, sawa na Ah 32. Kwenye joto kali itazunguka nusu ya siku, na utafika Ah 48. Kwa hiyo gari likisimama kambini, betri hiyo inakupa siku moja, au moja na nusu. Paneli ya wati 100 ikipata saa tano za jua zuri inarudisha takriban Ah 25. Ukitaka kukaa siku tatu kwenye joto kali bila kuwasha injini, paneli moja haitoshi.

Unene wa waya nao ni muhimu. Kutoka betri ya mbele hadi friji nyuma ni kama mita 5, na umeme unakwenda na kurudi, hivyo hesabu mita 10. Kwa ampea 5, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 hupoteza karibu volti 0.3 njiani. Wa milimita za mraba 6 hupoteza chini ya nusu ya hapo. Ndiyo maana friji nyingine hujizima ikidhani betri imekwisha, kumbe waya ni mwembamba.

HEWA: KINACHOUA HAKINUKI

Uzito hukupa dalili, umeme hukupa moshi. Hewa mbaya haikuambii kitu.

Nyanda za juu, kwa mfano ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, usiku ni baridi kali. Mtu anaona makaa yamebaki kwenye jiko, anaona moshi umekwisha, analiingiza ndani ya gari au hema apate joto. Makaa hayo yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Huanza na kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyekwisha kulala haamki. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Kanuni ni moja: jiko la mkaa haliingii ndani ya gari wala hema, hata likiwa majivu yenye makaa mawili. Wala usilale gari likiwa linaunguruma.

Mtungi wa gesi ya kupikia usimame wima na ufungwe imara. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia sakafuni, kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu chini linalotoka nje. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa hidrojeni, ambayo ni nyepesi na hupanda juu. Ikikaa ndani ya gari, iwe kwenye boksi lenye kifuniko na mrija wa kutoka nje kwa juu.

Matundu yote uliyotoboa sakafuni na hukutumia, yazibe, kwani moshi wa ekzosi hupandia hapo. Na kwa hewa safi ya usiku, fungua madirisha ya pande mbili na uyafunike kwa kipande cha chandarua kilichoshikwa na sumaku. Ni marekebisho ya bei ndogo kuliko yote tuliyotaja, na yanazuia malaria.

ANZA NA USIKU MMOJA

Kwa fundi wetu aliyeuliza, jibu letu ni hili. Kabla hujakata mbao, mwambie mteja alale usiku mmoja ndani ya gari hilo akiwa na godoro, dumu la maji na chandarua tu. Asubuhi atajua anachohitaji kweli, na mara nyingi orodha yake itapungua nusu. Kisha andika kila kifaa na kilo zake kwenye daftari, na kila waya na fyuzi yake. Kama atataka kukata paa au kubadilisha umbo la gari, aulize kwanza kwa wanaosajili magari, TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, na aiambie kampuni yake ya bima.

Daftari hilo mpe mteja aliweke garini. Gari likimharibikia mbali na hapo, fundi atakayelikuta atajua waya upi unakwenda wapi, na ataanza kazi bila kubahatisha.