Jiwe la Hodhi la Maji ya Chumvi

Mtoto akishaona samaki wa rangi katika hodhi la kioo nyumbani kwa jirani, hatulii mpaka naye apate lake. Wazazi kadhaa wametuuliza kuhusu gharama, nasi tumeona kwamba kinachowatisha zaidi ya kioo na pampu ni mawe. Jiwe la kutoka ng'ambo huuzwa kwa kilo, na hodhi la lita 100 hutaka takribani kilo 12.

Jiwe hilo si pambo. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Bakteria wakaao ndani ya vitundu vya jiwe huigeuza kuwa naitriti, kisha naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Kwa hiyo hutafutwa jiwe jepesi lenye matundu mengi.

Nasi watu wa pwani tumejenga juu ya jiwe la namna hiyo. Mwamba wa machimboni kwetu ni matumbawe ya kale, yaliyoota zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ndiyo yaliyojenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593. Vipande vinavyosalia baada ya kukatwa matofali huwa havina thamani kubwa kwa mchimbaji. Vidondoshee siki: kikitoa povu, ni chokaa. Chenye mistari ya kutu kiache. Vifusi vya nyumba iliyobomolewa pia viepukwe. Sisi tuliviona ni rahisi, saruji na rangi zilizogandia zikaharibu maji, tukazika samaki wawili uani huku mtoto akitutazama.

Sugua vipande kwa brashi, viloweke katika maji matamu wiki kadhaa ukiyabadilisha, kisha vitie katika maji ya chumvi, pampu ikizunguka, bila samaki. Kipande cha kamba kitawalisha bakteria. Subiri wiki 4 hadi 6, hata zaidi, mpaka kipimo kionyeshe kwamba amonia na naitriti zimekwisha. Kijiwe kimoja kutoka hodhi kongwe la rafiki hufupisha ngoja hiyo.

Walakini kijana asitumwe mwambani wakati wa bamvua kwenda kuvunja matumbawe hai. Aina nyingine huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka, na samaki anayeliwa nyumbani kwetu hukulia humo. Katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, kuyachukua ni kosa.

Akina mama wenye mazoea ya kuchemsha kila kitu, tunawasihi: jiwe lililotoka baharini au katika hodhi la mtu lisitiwe sufuriani kamwe. Viumbe vingine vinavyoota juu yake vina sumu kali ipandayo na mvuke, na Marekani watu wamelazwa hospitalini kwa sababu hiyo.