Mtoto, Mzazi na Dola

Katika madarasa ya itikadi makada huuliza: Dola inapomlinda mtoto, je, haiingilii haki ya mzazi na uhuru wa dini? Swali hili ni la msingi, wala halijibiwi kwa jazba.

Tuanze na hali halisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa hatua ya kimaendeleo, kwani iliziweka ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja. Lakini ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akingoja miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa, ikieleza kuwa vilizingatia mila na dini. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliikataa hoja hiyo.

Tunajifunza nini? Ibara ya 19 ya Katiba inalinda imani ya kila mtu. Mzazi ndiye mlezi wa kwanza, na Dola haiwezi kuchukua nafasi yake. Lakini malezi ni dhamana, si umilikaji. Ridhaa ya mzazi si ridhaa ya mtoto.

Kwa hiyo, kumfundisha mtoto dini na mila ni haki ya mzazi. Kumwoza kabla hajakomaa ni kumdhuru, na hapo Dola ina wajibu. Kazi ya kada si kuwatisha wazee na viongozi wa dini, bali kukaa nao, kusikiliza na kueleza. Sheria isiyoeleweka kijijini hukwepwa usiku.