MATEGE YA MERU SI LAANA

Ukifuata njia kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, ukaingia Maji ya Chai na vijiji vya chini ya Mlima Meru, utamwona hapa na pale mtoto ambaye miguu yake imepinda. Wenzake wakimbilia shule. Yeye ajikokota nyuma. Wapo na wengine usiowaona kamwe, kwani wamefichwa ndani.

Majirani hunong'ona kwamba ni laana, au kosa la mama. Sivyo. Meru ni mlima wa volkano, na maji yapitayo katika miamba yake hubeba madini ya floridi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Baadhi ya chemchemi na mito yetu hupita kiwango hicho mara nyingi. Mtoto akuaye kwa maji hayo meno yake huwa ya kahawia, na mifupa ya baadhi yao hupinda. Magadi yatiwayo chunguni huongeza madini yale yale. Mama yule alimnywesha mwanawe maji, basi.

Ikiwa chanzo ni maji ya wote, mzigo nao ni wa wote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja watoto, wazee na vilema miongoni mwa wale wenye haki ya kutegemea jasho la wenzao. Na Wameru hawana haja ya kufundishwa kuchanga. Walipofukuzwa Ngare Nanyuki mwaka 1951, walichanga fedha, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York. Je, wajukuu wao watashindwa na nauli ya mtoto mmoja kufika Arusha mjini?

Maana miguu hiyo yaweza kunyoshwa. Daktari hukata mfupa, huunyosha, hufunga plasta. The Plaster House, iliyoanzishwa Arusha mwaka 2008, hulea watoto wanaopona baada ya upasuaji wa namna hiyo. Kinachopungua mara nyingi ni nauli, na jirani wa kulisha wadogo na mbuzi mama awapo safarini.

Kijana aliyekwisha kukomaa na ulemavu wake naye hataki sadaka, ataka kazi. Sheria yaagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo 10 ni za watu wenye ulemavu. Lakini nani amemwambia? Nani amekaa naye kujaza fomu?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kwa asiyeubeba, huonekana mwepesi. Ndugu mfanyakazi, ndugu mwanachama, katika nyumba kumi zako, mlango upi unaficha mtoto? Ubishe leo.