Kibali Hakisubiri Talaka

Swali ni lile lile, linabadilisha mji tu. Likitoka Hamburg leo, kesho litatoka Stuttgart. "Mimi na mume wangu Mjerumani tumeachana, ila mahakama haijatoa talaka. Kibali changu kinakaribia kuisha. Si bado ni mke wake kisheria? Wataniongezea tu, au siyo?" Wanaume nao wanauliza, ingawa wao huanza kwa kusema wanamuulizia rafiki.

Jibu ni hapana. Nimeshalitoa mara nyingi, na bado kila nikimaliza kuna anayenikata kauli: "Lakini shangazi yangu wa Köln aliambiwa..." Basi tulimalize hapa.

Ofisi ya wageni ya Ujerumani haikukupa kibali kwa sababu una cheti cha ndoa. Ilikupa ili uishi pamoja na mwenzio. Cheti kilikufungulia mlango tu. Kinachokuweka ndani ni maisha ya pamoja. Siku mliyoacha kuishi kama mke na mume, sababu ya kibali imeondoka, hata kama pete bado iko kidoleni. Na talaka yenyewe haiji upesi, kwa sababu kwa kawaida sheria ya Kijerumani inataka mtengane mwaka mzima kabla hakimu hajaivunja ndoa. Mwaka huo ambao wengi wanauhesabu kuwa wa usalama ndio hasa mwaka wa hatari. Ofisi ikijua mmetengana haina haja ya kungoja mahakama. Inaweza hata kukifupisha kibali ambacho muda wake haujaisha.

Uvumi huu haukuzuka hewani. Mwaka 1985 Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg iliamua kesi ya mwanamke wa Senegal aliyekuwa ameolewa na Mfaransa jijini Berlin. Walikuwa wametengana, anaishi kwake peke yake, anakusudia kudai talaka, na Berlin ikakataa kumwongezea kibali. Mahakama ikasema ndoa haijavunjika mpaka mamlaka husika iivunje, na kuishi nyumba mbili hakumwondolei haki yake. Tangu hapo hadithi inasafiri kutoka saluni hadi msikitini, kutoka msikitini hadi kundi la WhatsApp, na njiani imeangusha neno moja: Mfaransa. Hukumu ile inamhusu aliyeoana na raia wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya anayeishi Ujerumani. Ukiwa na mume Mwitaliano au mke Mholanzi, ni kweli, kutengana peke yake hakukuondoi, na hata baada ya talaka unaweza kubaki iwapo ndoa ilidumu angalau miaka 3 hadi kesi ya talaka ilipofunguliwa, na mwaka 1 kati ya hiyo mliishi Ujerumani. Aliyeoana na Mjerumani asiyewahi kuhamia nchi nyingine ya Ulaya, au na Mkenya mwenzake mwenye kibali cha kudumu, yuko chini ya sheria ya ukaazi ya Ujerumani. Huko hukumu ya 1985 haimfikii. Dawa ni ya kweli, mgonjwa ndiye siye.

Kwenye uvumi huo limeota tawi lililo baya zaidi. Watu wanalipana. Mume amehama kwa mpenzi wake mpya, lakini jina lake linabaki kwenye anwani ya zamani kwa makubaliano ya euro mia mbili au tatu kila mwezi, "mpaka kibali kitoke." Wanaonieleza mpango huu huwa na sura ya mtu aliyegundua njia ya mkato. Wakati wa kuongeza kibali, ofisi huwataka wote wawili watie saini kwamba bado wanaishi pamoja. Saini ya uongo hapo ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini au kifungo kinachoweza kufika miaka 3. Tena uongo wenyewe haufichiki. Waliotengana hawaruhusiwi kubaki kwenye kundi la kodi la wanandoa zaidi ya mwaka waliotengana, na aliyeomba msaada wa serikali kama mtu anayeishi peke yake ameshaandika ukweli kwenye ofisi nyingine. Halafu kuna huyo mlipwaji mwenyewe: akikasirika, barua moja inatosha.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hakuna anayeniuliza, nalo ndilo lenye uzito: tarehe ya kutengana. Kifungu cha 31 cha sheria ya ukaazi kinakupa kibali chako mwenyewe, kisichomtegemea mwenzio, ikiwa mliishi pamoja kama wanandoa ndani ya Ujerumani, kihalali, kwa angalau miaka 3. Miaka ya Mombasa haihesabiwi, hata mkiwa mlioana huko mwaka 2010. Hesabu inakoma siku mlipotengana. Na kutengana si lazima kuhama: mkilala mbali, mkipika mbali, kila mtu na nguo zake, mmetengana chini ya paa moja, na mahakama ya familia inalikubali hilo.

Hapo ndipo watu wanajichimbia kaburi. Tuseme mtu aliingia kwa viza ya mwenza Juni 2021, akatengana Agosti 2024. Miaka 3 imetimia na miezi imezidi, amesalimika. Lakini mwenzie ana haraka ya talaka, wakakubaliana kuiambia mahakama kwamba walitengana tangu Machi ili mwaka wa kungoja uishe mapema. Ameokoa miezi 5 ya kungoja na kupoteza haki ya kubaki nchini, maana Machi 2024 miaka 3 ilikuwa haijatimia. Wakili wa talaka asiyeshughulika na mambo ya wageni hatakuonya; kazi yake ni talaka. Soma mwenyewe tarehe iliyoandikwa kwenye madai kabla hayajapelekwa, na iwe ya kweli, maana ndiyo ileile utakayoulizwa ofisi ya wageni.

Walioachwa kwa ujumbe wa simu, au waliokwenda kwa kadhi walipokuwa likizo Zanzibar, nao wasikilize. Ndani ya Ujerumani ni mahakama tu inayoweza kuvunja ndoa, na talaka ya nje kwa kawaida inahitaji kutambuliwa rasmi kwanza. Kwa hiyo bado mnahesabika wanandoa. Lakini ujumbe ule wenye tarehe unaweza kuwa ushahidi wa lini mliacha kuishi pamoja. Talaka haijakuacha huru, na kibali imeshakigusa.

Kuna ushauri mmoja ambao sitaujadili kwa upole: "Vumilia mwanangu, miaka mitatu itimie." Kama unapigwa, hulazimiki kungoja. Sheria yenyewe inataja ukatili wa nyumbani kuwa sababu ya kuondolewa sharti la miaka 3. Nenda polisi, nenda kwa daktari, chukua karatasi, na kama utakimbilia nyumba ya hifadhi ya wanawake, waombe nao waandike. Simu ya msaada ni 116 016, ni bure, usiku na mchana.

Yaliyobaki ni ya haraka. Peleka ombi kabla kibali hakijaisha, hata kama hujapata miadi. Andika, tuma, tunza ushahidi wa kutuma. Ukiwahi, kibali cha zamani kinahesabika kuwa hai mpaka uamuzi utoke, na unadai hati ya mpito iitwayo Fiktionsbescheinigung ili mwajiri asikusumbue. Ukipata kibali cha kifungu cha 31, mwaka wa kwanza kupokea msaada wa serikali kwa kawaida hakukuzuii. Baada ya hapo watataka uonyeshe unajitegemea. Una mtoto mdogo mwenye uraia wa Kijerumani unayemlea? Omba kibali cha mzazi, nacho hakijali miaka 3. Huna miaka wala mtoto, lakini una kazi ya kitaalamu au nafasi ya mafunzo ya ufundi? Omba kubadili aina ya kibali ukiwa bado ndani ya muda. Huna pesa ya wakili? Kwa kawaida mahakama ya wilaya inatoa hati ya ushauri, na wakili atakutoza euro 15. Mashirika ya Caritas, Diakonie na AWO yana washauri wa wahamiaji wasiotoza kitu. Na ikikufikia barua inayokwambia wanafikiria kukifupisha kibali, wakikutaka ujieleze, usiifiche kwenye droo: ina tarehe ya mwisho, na maelezo yako yawafikie kabla ya tarehe hiyo, kwa maandishi.