Tahajia inapobeba lafudhi: Mtumishi wa Yorkshire na wasomaji wa kusini

MWAKA 1847 mwandishi Emily Brontë, mkazi wa kijiji cha Haworth katika eneo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, alichapisha riwaya yake pekee, Wuthering Heights. Ndani yake yumo mtumishi mzee, Joseph, ambaye maneno yake yameandikwa kama wenyeji wa huko walivyoyatamka.

Emily alifariki dunia mwaka uliofuata. Mwaka 1850 dada yake mkubwa, Charlotte, aliposimamia toleo jipya, alibadili tahajia ya maneno ya Joseph na kuisogeza karibu na Kiingereza sanifu. Hoja yake ilikuwa kwamba sikio la mtu wa Yorkshire lingeyatambua, lakini wasomaji wa kusini wasingeyaelewa.

Huo ndio mtihani wa kila mwandishi wa lahaja: akiandika kila sauti humpoteza msomaji, akisawazisha yote, mhusika hukosa kwao.

Mbinu zinazotumika ni chache. Irabu hubadilishwa, hivyo "master" ikawa "maister". Ritifaa huonyesha sauti iliyomezwa, kama "the" inapobaki "t'". Aidha, maneno ya lahaja huachwa yalivyo, mfano "nobbut", lenye maana ya "tu".

Ipo mbinu nyingine yenye utata zaidi. Tofauti na Kiswahili, Kiingereza hakiandikwi kama kinavyotamkwa. Neno "says" likiandikwa "sez", matamshi hayabadiliki hata kidogo. Mwaka 1925 mwanaisimu wa Marekani, George Philip Krapp, aliiita mbinu hiyo lahaja ya macho, kwa kuwa tofauti huonwa na jicho, haisikiwi na sikio.

Mara nyingi kazi yake ni kumtambulisha mhusika kuwa hakusoma. Mabwana nao wana lafudhi, lakini maneno yao huandikwa kwa tahajia sanifu. Alama hubebwa na mtumishi na mkulima.

George Bernard Shaw naye alijaribu. Katika tamthilia ya Pygmalion, iliyoonyeshwa London mwaka 1914, alianza kuandika matamshi ya Eliza, muuza maua, kisha akaacha baada ya mistari michache, akieleza kuwa nje ya London hayaeleweki.

Hata hivyo, matoleo mengi ya sasa ya Wuthering Heights yamerejea matini ya 1847, baadhi yakiwa na maelezo ya maneno magumu. Joseph amerudishiwa sauti yake.